Nimeitwa kuigiza kwenye runinga: nisaini au niache?

"Assalaam aleikum Bi. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, Langoni, nina miaka 26. Nimeachika na nina binti wa miaka mitatu. Nafundisha chekechea. Novemba iliyopita nilighani utenzi kwenye Tamasha la Utamaduni, akanifuata mtu akasema anatafuta wanawake wa tamthilia itakayopigwa Malindi na Watamu kwa miezi mitatu kuanzia Aprili. Sasa amenitumia karatasi ya ukurasa mmoja kwa WhatsApp nisaini, pamoja na Sh7,500 za faili na picha, kabla ya Ijumaa. Karatasi inasema 'msanii atafanya kazi zote atakazoelekezwa' na kwamba sitafanya kazi na mwingine kwa miaka mitano. Malipo ni 'kwa makubaliano'. Pia ameniambia lafudhi yangu ya Kiamu niiache nyumbani. Mama hataki kusikia, asema wanawake wa runinga huharibika na mwisho watanilazimisha kumbusu mwanamume mbele ya dunia. Mimi naipenda kazi hii tangu utotoni. Je, nimechelewa? Yaweza kumlea mwanangu?"

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Umeuliza mambo mengi kwa pumzi moja, na lipo moja hukuliandika ila naliona kati ya mistari: unaogopa kwamba ukimkatalia huyu bwana, mlango huu hautafunguka tena. Hofu hiyo ndiyo mtaji wa kila anayesema "nijibu kabla ya Ijumaa". Basi tuanze na ya Ijumaa, mengine yatangoja.

Usitume hizo Sh7,500.

Katika kazi yetu pesa huteremka. Kituo cha televisheni, au mdhamini, au mwenye mtaji humpa mtayarishaji fedha za kutengeneza vipindi. Mtayarishaji humlipa mwongozaji, mpiga picha, mtu wa sauti, mpishi, dereva, na wewe. Ukiona pesa zinapanda, zinatoka kwenye mkoba wa mwigizaji kwenda juu, ujue kinachouzwa pale ni hamu ya wasichana ya kuonekana. Wakitokea arobaini kutoa Sh7,500 kila mmoja, zimepatikana Sh300,000 na hapajapigwa hata picha moja. Sisemi huyu wako ni mwizi, simjui. Wapo vijana wenye nia safi wasio na mtaji, wakadhani wataanzisha tamthilia kwa michango ya waigizaji. Lakini hata hao usiwape, maana mtu asiye na pesa za kupiga picha zako leo hatakuwa na pesa za kukulipa Mei.

Gharama zinazokuhusu wewe ni chache. Nauli yako ya kwenda kwenye usaili. Picha mbili, moja ya uso na moja ya mwili mzima, ambazo shoga yako anaweza kukupiga kwa simu karibu na dirisha saa tatu asubuhi, bila mapambo mengi na bila zile programu za kulainisha ngozi. Na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, ambayo kama mwalimu nadhani unayo. Basi.

Usaili wenyewe ni bure. Hupewa ukurasa mmoja au miwili ya mazungumzo, husimama mbele ya kamera, husema jina lako, hugeuka kushoto na kulia, kisha huigiza mara mbili. Mara ya kwanza utafanya ulivyojizoeza nyumbani. Mara ya pili mwongozaji atakwambia, "Sasa yaseme hayo hayo ila huna hasira, umechoka tu." Hapo ndipo usaili unapoanza. Waliokariri ni wengi mno. Anayetafutwa ni anayeweza kubadilika anapoambiwa. Huyu bwana, kwa maelezo yako, hajakufanyia usaili wowote. Alikuona ukighani, akakutumia karatasi. Hilo peke yake lingenifanya nipunguze mwendo.

Muulize pia kibali cha kupiga filamu. Kenya tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inayomtaka anayetengeneza filamu ya kuonyeshwa hadharani awe na kibali. Mtayarishaji wa kweli hakasiriki kuulizwa namba ya kibali, kama vile nahodha wa mashua ya Mokowe asivyokasirika ukimuuliza majaketi ya uokozi yako wapi.

Sasa hiyo karatasi. Sentensi ya "kazi zote atakazoelekezwa" ndiyo inayomtisha mama yako, na ana haki, kwa sababu ukiisaini hivyo ulivyoitaja, kila utakachokikataa baadaye kitaonekana umevunja mkataba. Nayo ya miaka mitano nitakueleza chanzo chake, maana si uzushi mtupu. Kituo kinapotangaza tamthilia, hakitaki mtazamaji abonyeze rimoti akakute uso uleule kwenye kituo cha pili saa ileile. Kwa hiyo kumfunga mwigizaji kwa muda ambao tamthilia inapigwa na kurushwa ni jambo la kawaida, na mara nyingi ni kwa mhusika mkuu, naye hulipwa kwa kufungwa huko. Kukufunga miaka mitano kwa kazi ya miezi mitatu, bila kiwango cha malipo kuandikwa, ni kukufungia ndani na kuondoka na ufunguo. Mwambie aandike: muda wa kupiga, na ikizidi sana miezi michache baada yake, kwa tamthilia za aina hiyo tu. Kughani, kufundisha, kusoma matangazo ya redio, kusiguswe.

Nije kwenye jambo ambalo kama ungekuja kibarazani kwangu hapa Malindi ningekwambia kabla ya kahawa kumiminwa: acha kuuliza ni pesa ngapi, uliza kwanza ni siku ngapi.

Hapa kwetu mwigizaji wa runinga kwa kawaida hulipwa kwa siku aliyopiga, au kwa kipindi alichotokea. Wanaolipwa mwezi mzima ni wachache. "Miezi mitatu" aliyokutajia ni muda wa kikosi kizima; mpiga picha atakuwepo miezi mitatu. Wewe utaitwa siku ambazo mhusika wako ana maonyesho, na zikipangwa vizuri, maonyesho yako ya wiki mbili huweza kukusanywa yakaisha kwa siku tatu. Tuchukue mfano wa hesabu tu, nisikutie tamaa wala nisikuvunje: Sh6,000 kwa siku, siku 8 kwa mwezi. Hizo ni Sh48,000. Ikikatwa kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 5, yaani Sh2,400, zinabaki Sh45,600. Kwa miezi mitatu ni Sh136,800. Ukiwa mwalimu wa chekechea utaiona ni pesa. Haya, zigawe kwa miezi 12, kwa sababu hakuna aliyekuahidi kazi nyingine baada ya Juni: Sh11,400 kwa mwezi. Na bado hujatoa chumba cha Malindi, chakula, nauli ya basi kutoka Mokowe kupitia Witu na Garsen, wala mtu wa kukulelea mtoto.

(Ile asilimia 5, kwa njia, haijapotea. Dai cheti chake, na ukijaza fomu zako za KRA kabla ya Juni 30 huhesabiwa kuwa kodi uliyokwisha lipa. Waigizaji wengi hawalijui hili na humwachia serikali pesa zao kila mwaka.)

Tena pesa hizo hazifiki siku ileile. Kituo hulipa baada ya kupokea vipindi, na mtayarishaji mdogo hulipa baada ya kulipwa. Mimi niliwahi kufanya siku 14 kwa kampuni moja nisiyoitaja, nikalipwa 9. Tano zilizobaki ziliyeyuka kwenye "njoo Jumatatu". Kosa langu lilikuwa kutokuwa na chochote cha kuonyesha. Tangu hapo nina daftari dogo: tarehe, saa niliyofika, saa niliyoachiwa, na aliyeniita. Jioni humtumia msimamizi ujumbe, "Leo nimemaliza siku yangu ya sita, asante." Akinijibu "sawa mama", nimeshapata risiti.

Kwa hiyo swali lako la kumlea mwanao, jibu langu ni hili: peke yake, mwanzoni, hapana. Pamoja na kazi yako ya kufundisha, yaweza kusaidia. Baada ya miaka, kwa wachache, yatosha. Karibu kila mwigizaji mwanamke ninayemheshimu ana kitu pembeni: anafundisha, anashona, anaongoza harusi, anasoma matangazo. Wala haimaanishi wameshindwa. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo.

Umesema unaipenda tangu utotoni. Ngoja nikuonyeshe unachokipenda kinavyofanana kwa karibu, maana mtazamaji huona dakika ishirini na tano zilizopikwa tayari.

Gari hukuchukua saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na mbili umekaa kwenye kiti cha vipodozi. Onyesho lako liliandikwa saa tatu. Linapigwa saa nane, kwa sababu muadhini wa msikiti wa jirani hawezi kusimamishwa, na baada ya muadhini likaja jenereta la hoteli, na baada ya jenereta, pikipiki. Talaka yako mnaipiga Jumatatu na harusi yako Alhamisi, kwa kuwa nyumba ya harusi imekodishwa Alhamisi. Kwa hiyo Jumatatu unamlilia mume ambaye hata jina lake halisi hujalishika vizuri.

Nakumbuka onyesho moja: mimi ni mama mkwe, namiminia mkwe wangu kahawa kutoka kwenye dele, lile birika la kahawa, huku nampa habari ya msiba. Mistari minne. Kwanza tulipigwa tukionekana sote wawili. Kisha kamera ikaja usoni kwangu, ikaenda kwa mwenzangu, mwisho ikashuka kwenye mikono peke yake. Mara ya kwanza, bila kufikiri, niliinua dele kwenye neno "jana". Basi ikawa kila mara dele lazima liinuke kwenye "jana", kwa mkono ule ule, na kikombe kiwe nusu. Mhariri atakata kutoka usoni kwenda mkononi, na kama huku mkono uko juu na kule uko chini, mtazamaji ataona kitu kimeruka hata kama hajui ni nini. Yupo mtu ambaye kazi yake ni kutunza mwendelezo huo tu, na simu na daftari lake. Mfanye rafiki siku ya kwanza. Tulifika mara ya tisa. Kahawa baridi kama maji ya mtungi, miguu imekufa ganzi mkekani, na chozi lazima litoke palepale lilipotoka mara ya pili. Likatoka. Mtu wa sauti akasema, "Samahani, pikipiki."

Kama umesoma hayo ukatabasamu, kazi inakufaa. Kama umechoka kwa kusoma tu, nayo ni habari njema, umeijua bila kulipa.

Na jambo la ufundi: wewe ni mghani. Umezoea kuifikisha sauti kwa waliosimama mwisho wa uwanja wa Mkunguni. Kwenye kamera maikrofoni iko shubiri chache kutoka kinywani na uso wako unajaa kioo chote. Nyusi ukiinyanyua kama ulivyoinyanyua tamashani, itaonekana ni vichekesho. Jizoeze hivi: weka simu mbele yako, mwambie mtu habari mbaya ya kweli kwa sauti ya kumwambia aliyelala kitanda cha pili asimwamshe mtoto. Jiangalie. Rudia ukifanya nusu ya ulichofanya. Utaona macho yanaanza kufanya kazi ambayo mikono ilikuwa inaifanya.

Kuhusu umri, hapo umejisumbua bure. Mimi nilianza nina 31. Wasichana wa miaka ishirini wamejaa kila usaili; wanaoaminika wakiwa mke mkubwa, shangazi, mama wa bwana harusi, hakimu, hao hutafutwa kwa tochi. Kina sisi tuliokua na vichekesho vya Vitimbi vya KBC, hatukumpenda Mama Kayai kwa ubichi wake. Lupita Nyong'o alianza nyuma ya kamera, msaidizi kwenye filamu ya wageni iliyopigwa Kenya, akacheza kwenye tamthilia ya Shuga mwaka 2009, akarudi darasani Yale, na usiku aliopokea Oscar, Machi 2, 2014, alikuwa ametimiza miaka 31 jana yake. Huo ni mfano wa mbali na sipendi uupimie maisha yako. Nautaja kwa sababu ya hicho kipande cha katikati: alirudi darasani.

Na Mama Kayai ananikumbusha jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi. Jina lake ni Mary Khavere. Jiulize ni Wakenya wangapi wangegeuka wakisikia jina hilo sokoni. Mhusika akipendwa humla anayemwigiza. Sarah Hassan kwa miaka alikuwa Tanya wa tamthilia ya Tahidi High, hata mwaka 2021 alipokuja kuwa Zora kwenye kituo cha Citizen, wapo waliomwita Tanya. Ukicheza mke mwizi wa waume, jiandae kutazamwa jicho la pembeni ukinunua samaki. Mimi kijana mmoja hapa sokoni aligoma kuniuzia nazi kwa sababu nilimtesa mkwe wangu Jumanne. Nilicheka, lakini nilirudi nyumbani bila nazi. Lamu ni mji ambao vichochoro vyake hata punda wawili hupishana kwa adabu; huko hakuna pa kujificha. Lifikirie na binti yako utamwelezaje.

Sasa la kubusu. Mama ameona tamthilia za Kifilipino na za Kituruki akadhani ndivyo zote. Kanuni za utangazaji za Kenya zinazuia maudhui ya watu wazima kurushwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Tamthilia zetu nyingi za Kiswahili hurushwa saa moja au mbili usiku, familia ikiwa mezani. Kwa hiyo hata mwandishi akitaka, hana nafasi kubwa. Mapenzi huonyeshwa kwa mlango unaofungwa, taa inayozimwa, kanzu iliyotundikwa msumarini. Lakini kwenye huduma za kulipia na za mtandaoni mambo ni mengine, na hujui kazi yako itauzwa wapi kesho. Basi liandikwe. Mimi hutumia maneno kama haya: "Msanii hatapiga onyesho la kubusiana, la kitandani, wala la kuvua hijabu bila idhini yake ya maandishi kwa kila onyesho, na hatawekwa mtu mwingine badala ya mwili wake bila idhini hiyo." Kipande cha mwisho usikiache. Kuna waliokataa wao, wakapigwa picha wengine migongo, na dunia ikaona ni wao.

Kuhusu hijabu utapata ubishi wa haki kabisa: mwongozaji atakuuliza, mwanamke wa Lamu akiwa chumbani na mumewe hukaa amejifunga? Ana hoja. Wengine hukubaliana na mtandio mwepesi kichwani, wengine hukataa maonyesho ya chumbani kabisa. Amua wewe, ukiwa kwenu, umetulia, wala usingoje uamuliwe saa tisa usiku watu thelathini wakikusubiri. Na sitakudanganya, mipaka ina bei. Nafasi kadhaa utazikosa. Nimezikosa mimi, na mojawapo ilikuwa nzuri.

Usalama wenyewe hauko kwenye onyesho, uko kando yake. Mistari hupitiwa mchana, mlango wazi, pakiwa na mtu wa tatu. Anayekuita chumba cha hoteli saa tatu usiku "tupitie mistari" hana mistari. Uliza kabla: chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake kipo? Msaidizi wa mavazi ni mwanamke? Tukimaliza usiku nani ananirudisha? Mwenye mamlaka juu ya kazi yako akikudai mwili au akikusumbua kwa maneno ya aina hiyo, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamhesabu mhalifu, hata kama hakukugusa. Namba 1195, ya simu ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia, ni ya bure, na polisi wana madawati ya jinsia. Hapo usiniandikie mimi kwanza, nenda.

Lafudhi. Nilicheka kidogo, halafu nikaudhika, halafu nikamwelewa. Ukisema "ndoo, mato yangu yauma, niletea mayi", yaani njoo, macho yangu yanauma, niletee maji, mtazamaji wa Busia atadhani unaagiza ndoo ya maji, na macho hatayaona kabisa. Kituo kinamtaka yeye na wa Morogoro pia. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kiamu kimebaki lugha ya utenzi na ya nyumbani, na ndiyo lugha uliyopandia jukwaani Novemba. Hivyo akikwambia usome mistari kwa sanifu, ni ombi la kazi, likubali. Akikwambia Kiamu "ukiache nyumbani", mjibu kwa upole kwamba unazo nguo mbili na utavaa itakayotakiwa. Mwigizaji anayeweza kuingia na kutoka lahaja moja ana kitu ambacho mwenye moja hana. Waandishi wa bara bado wanatuandikia Wapwani wanaosema "jamani" kila mstari na kunywa kahawa tungu tangu alfajiri hadi usiku. Ukiwepo mwenyeji kwenye kikosi, mstari kama huo hurekebishwa kwa kumnong'oneza mwongozaji pembeni, kamwe si mbele ya watu. Filamu ya Subira ya mwaka 2018, ya msichana wa Lamu anayetamani kuogelea baharini, ilifika hadi kuwakilisha Kenya kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Hadithi za kwenu zinatakiwa.

Kiswahili chako kina mlango mwingine ambao hukuutaja: kutia sauti tamthilia za nje. Mwaka 2011 Watanzania walianza kuona tamthilia ya Kichina ikizungumza Kiswahili, na tangu hapo Wahindi, Waturuki na Wachina wamepewa ndimi zetu. Humo hapana uso, hapana hijabu, hapana busu. Pana chumba, vipokea sauti masikioni, na kuulinganisha mdomo wa mwanamke wa Istanbul na pumzi yako. Kazi hiyo hufanyika mijini zaidi, lakini kwa mghani ni shule nzuri, na huenda ikamlainisha mama.

Nimefika kwa mama. Usimshinde kwa hoja ya kwamba hata bibi zetu waliimba vugo harusini na kucheza lelemama, ngoma ya wanawake, wala ya kwamba Mwana Kupona alitunga utendi mwaka 1858 na bado tunausoma. Anajua. Tofauti anayoiona, hata kama hakuisema hivyo, ni kwamba vugo lilikuwa na mlango: wanawake ndani, na kila aliyemo anajulikana ni binti nani. Kamera haina mlango. Ataangalia aliyekuwa mume wako, ataangalia mjomba aliyeko Oman, na baada ya miaka kumi ataangalia binti yako mtandaoni, na hakuna wa kuirudisha. Mama ana hoja, na mwambie hivyo kabla ya kumwambia jingine lolote. Kisha mwonyeshe maandishi: siku, mipaka, nani anakurudisha usiku. Na kazi ikiwa ya kweli, muombe mtayarishaji umlete siku moja akae kivulini aone. Mama yangu alikuja mara moja, Ngomeni, akakaa saa sita akituona tukirudia onyesho la kununua maandazi. Jioni akaniuliza, "Ndiyo hii tu?" Hakuwahi kunipinga tena, ila hakuwahi kuisifu pia.

Kama ningekuwa wewe? Nisingehamia Nairobi sasa. Mtoto wa miaka mitatu na chumba cha kupanga ni mzigo kabla hujajulikana na mtu. Nisingeacha shule. Ningetafuta nafasi ndogo, siku nne au tano, zikusanywe kwenye likizo ya Aprili au ya Agosti, nione kama naipenda kahawa baridi. Karatasi hii ya sasa ningeirudisha. Ikija nyingine yenye kurasa zaidi, usiisome na mimi kwa simu. Panda basi uje Malindi, mjini pana mawakili si haba, muulize ada yake kabla hajafungua kinywa, na akusomee mstari kwa mstari. Wakili huyo huyo, au Kadhi wenu, muulize na la mtoto ikiwa baba yake ameshaanza maneno ya kumchukua ukisafiri. Hilo limalizwe kabla ya kupanda basi la kazi. Ukishaanza kuonekana hewani, jiandikishe PRISK, chama cha haki za waigizaji na wanamuziki, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inakutambua kuwa na haki juu ya uigizaji wako uliorekodiwa, na kuna malipo ambayo hayamfikii asiyeandikishwa. Chama cha waigizaji, Kenya Actors Guild, nacho kipo cha kuulizia kama jina la mtayarishaji linajulikana.

Kwa huyu bwana, mwandikie leo, usingoje Ijumaa. Mwandikie hivi, kwa adabu zote: "Nashukuru kwa kunifikiria. Sitoi ada. Naomba kwa maandishi: idadi ya siku zangu za kupiga, malipo ya kila siku na tarehe ya kulipwa, namba ya kibali, na jina la kituo kitakachorusha. Nitafurahi kuja kwenye usaili." Usiongeze neno. Picha zile za dirishani zitume pamoja.

Akikupa idadi ya siku, niandikie tena, tuketi tupige hesabu.